Njia Fupi ya Kuvuka Barabara

Mama aliwaambia majirani zetu wa mtaa wa Mutanga Sud kwamba binti yake anatengeneza kompyuta. Nilimwacha aseme hivyo. Kazi yangu hasa ilikuwa kuangalia barua pepe za watu zinapita njia gani, zinakwama wapi, na zifanyiwe nini ili zifike upesi. Lakini ile ilikuwa miaka ya mwisho ya vita, na mtu anayejua barua za watu zinapita wapi hakuwa mtu wa kutangazwa mtaani.

Kampuni yetu ilikuwa ghorofa ya tatu ya jengo moja la mtaa wa Rohero, katikati ya mji. Tulikuwa wanne: patroni mwenye kampuni, mhasibu, mama wa mapokezi, na mimi. Juu ya paa kulikuwa na dishi kubwa la setilaiti, na kila kitu tulichowauzia wateja wetu kilipitia hapo. Ilikuwa njia nyembamba mno. Patroni alipenda kuifananisha na mtungi wa impeke, pombe ya mtama, kwenye sherehe: mtungi mmoja, mirija mingi, na kila anayeinama kunywa anawapunguzia wenzake. Na mtungi wenyewe alikuwa akiulipia kwa dola, siku ambazo dola mjini hazikuonekana.

Ng'ambo ya barabara, kwenye jengo lililotazamana na letu, kulikuwa na kampuni nyingine ya intaneti na dishi lake. Patroni wetu na patroni wa kule walianza biashara pamoja, kisha wakagombana kwa sababu ambayo kila mmoja aliieleza kivyake. Jumapili walisali kanisa moja na walitoka kwa milango tofauti.

Mambo yalianza na daktari mmoja. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya kuamrisha, mkuu wa zahanati ndogo ya binafsi upande wa chini wa mji. Asubuhi moja alipanda ngazi zetu akihema, akaweka karatasi juu ya meza yangu.

"Nilituma orodha ya damu ninayohitaji saa mbili," alisema. "Benki ya damu wameiona saa nne kasoro. Kutoka kwangu mpaka kwao natembea dakika kumi. Mutu wangu angekwenda kwa miguu angerudi na damu. We unanieleza nini?"

Benki ya damu ilikuwa mteja wetu. Zahanati yake ilikuwa mteja wa kampuni ya ng'ambo. Nilimpa kiti, nikaifuata ile barua hatua kwa hatua kwenye mashine. Ilitoka zahanati hadi kampuni ya ng'ambo. Dishi lao likairusha angani, ikatua Ulaya. Huko ikapanga foleni, ikapewa njia ya kurudi Afrika, ikarushwa tena angani, na mwisho ikatua kwenye dishi letu, hatua hamsini kutoka dishi lililoirusha. Nilipomwonyesha, hakucheka.

"Hiyo safari nani analipa?"

"Sisi tunalipa kuipokea, wale wanalipa kuituma."

"Basi muko wajinga wote," alisema, akachukua karatasi yake.

Siku hiyohiyo nilimwandikia fundi wa kampuni ya ng'ambo. Sikuwahi kumwona, ila kwa zaidi ya mwaka tulikuwa tukiandikiana mambo ya kazi: virusi vilivyotoka kwao, anwani iliyokosewa kwetu. Aliandika Kifaransa safi kama mwalimu. Nilimwambia tukiunganisha mitambo yetu miwili moja kwa moja, barua za mjini zitabaki mjini, na mitungi yote miwili itapata nafasi. Akajibu neno moja kwa Kiswahili: "Nilikungoja."

Kuwashawishi mapatroni kulichukua wiki nyingi. Wangu nilimchorea safari ya barua kwenye karatasi, kwenda Ulaya na kurudi, nikamwonyesha ni sehemu gani ya malipo yake ilikuwa inaruka juu ya barabara tu. Aliufuata mchoro kwa kidole hadi mwisho. "Sawa," alisema hatimaye. "Ya hapa mjini yapite. Ya nje, kila mutu na mtungi wake. Siku nitakayokuta barua yake moja imepanda setilaiti yangu, wewe ndiwe utakayenieleza."

Tulichagua antena mbili ndogo, moja kwenye kila paa, zitazamane. Kuvusha waya juu ya barabara kungetaka vibali vya ofisi nyingi. Hata hizo antena zilitaka barua yenye muhuri, na tuliipata. Lakini askari wa barabarani hasomi barua iliyo ofisini kwa mtu aliye juu ya paa.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye ukingo wa paa letu, nikiigeuza antena polepole, na kwenye paa la ng'ambo nikamwona yeye kwa mara ya kwanza: mwanamume mrefu, mwembamba, wa miaka arobaini hivi, amevaa koti la suti juani. Tuliongozana kwa mikono. Kushoto kidogo. Zaidi. Hapo. Ghafla mikono yake ikapanda juu ya kichwa, ikabaki huko. Nilidhani ananipa ishara nisiyoielewa. Kisha nikatazama chini, nikaona askari wawili katikati ya barabara, bunduki zimeelekezwa juu, moja kwake na moja kwangu.

Nami nikainua mikono. Hatukusogea. Mama wa mapokezi alishuka ngazi na ile barua yenye muhuri, nikasikia sauti yake ikisihi kwa Kirundi, "Ni abakozi," yaani ni wafanyakazi tu. Sijui ilichukua dakika ngapi. Antena yangu haikuwa imekazwa, na upepo ulianza kuigeuza, na mimi niliogopa kwamba ikianguka askari atashtuka na kufyatua. Hatimaye bunduki ziliteremka. Tukailenga upya na kuikaza.

Lakini ilifanya kazi. Kabla ya siku hiyo, nikiuliza mtambo wa ng'ambo kama upo, jibu lilichelewa kiasi cha mtu kuvuta pumzi. Sasa lilirudi kabla sijainua kidole. Wiki iliyofuata daktari alinipigia simu. "Damu imefika kabla sijamaliza kufunga kompyuta," alisema, akakata bila kuaga.

Nilikutana na fundi wa ng'ambo ana kwa ana mara chache baadaye, mlangoni tu. Aliniita dada, nami nilimwita kaka, kama watu wanavyoitana. Nilijua anakaa mitaa ya kaskazini kwa sababu siku ambazo risasi zililia kule alichelewa, au hakufika. Sikumuuliza zaidi, wala yeye hakuniuliza. Kaka yangu mkubwa aliuawa mapema katika vita, na watu waliotuletea habari walinyoosha kidole upande uleule wa kaskazini. Nilikuwa nimejifunza kufanya kazi na mtu bila kumuuliza kwao ni wapi. Mjini wengi tulikuwa tumejifunza hivyo.

Siku ninayotaka kuisimulia mabomu yalianza asubuhi, kutoka kwa waasi walioko milimani. Tulikuwa tumeyasikia siku zilizotangulia, yakiangukia mbali. Siku hiyo yalikuja mpaka katikati ya mji. Mhasibu hakuja. Patroni alikuwa nyumbani kwake Kinindo, na simu za mkononi zilikuwa zimejaa kiasi kwamba kila ukipiga unasikia mlio mmoja tu. Tulikuwa ofisini mimi na mama wa mapokezi, ambaye alikaa chini ya kaunta na rozari yake, na kila kishindo kilipolia alisema, "Yezu we."

Saa nne na kitu kishindo kimoja kilikuwa karibu sana. Vioo vya upande wa barabara vilipasuka vyote kwa pamoja. Nilipoinuka sakafuni, niliona vumbi likitoka kwenye paa la ng'ambo. Dishi lao lilikuwa limeinama, na mkono ulioshika kichwa chake ulining'inia kama wa mtu aliyevunjika bega.

Nilikimbilia mashine. Njia yetu ya kuvuka barabara ilikuwa bado hai. Dakika chache baadaye maneno yakatokea kwenye skrini yangu.

"Dada, uko muzima?"

"Niko. Na nyinyi?"

"Tuko. Dishi limekwisha. Vyombo vya ndani viko sawa, gurupe inaunguruma." Gurupe ni jenereta. Kisha akaandika tena, na safari hii kwa Kifaransa, kama mtu aliyefikiri kila neno. Zahanati ya yule daktari ilikuwa na majeruhi wawili ambao hapa mjini hawangeweza kupasuliwa. Kulikuwa na watu Nairobi waliokuwa wakituma ndege ndogo za wagonjwa, lakini walitaka maelezo kamili kwa maandishi, na jibu lao lingerudi kwa maandishi. Simu za nje ya nchi hazikupita. "Naomba njia ya kutoka nje. Si ya wateja wote. Ya barua zake tu."

Nilikaa mikono ikiwa juu ya mapaja. Nilisikia sauti ya patroni masikioni. Nilijua pia kwamba mtungi wetu asubuhi ile ulikuwa umefurika. Kila mteja aliyekuwa hai alikuwa anaandika kwa ndugu zake walio nje: tuko wazima, tuko wazima. Kumwingiza mwingine kulikuwa kuwanyang'anya hao. Na kulikuwa na tatizo la pili, la kiufundi. Huko Ulaya walijua anwani za kampuni ya ng'ambo zinapatikana kwenye dishi la ng'ambo. Hata nikizitoa barua za daktari, majibu yangekwenda kwenye dishi lililovunjika na kufia hapo.

"Barua zake zitabidi zivae jina letu," nilimwandikia. "Nitamfungulia sanduku kwenye mtambo wangu. Ajibiwe huko, na mtambo wangu utayavusha majibu hadi kwako."

"Patroni wako?"

Nilifungua sanduku jipya kwa cheo cha daktari. Kisha nikawabana wateja wetu wote waliokuwa wakitazama kurasa na picha, nikaacha barua pekee zipite. Mara simu ya mezani ikalia: mgeni wa shirika moja kubwa, mteja wetu mkubwa kuliko wote, akilalamika kwamba habari za televisheni ya kwao hazifunguki. Nilimwambia ni mabomu. Haikuwa uongo, ila haikuwa kweli yote.

Barua ya daktari ilivuka barabara, ikapanda angani. Ilikuwa ndefu kwa sababu alikuwa ameambatanisha picha ya eksirei. Niliitazama ikipanda vipande kwa vipande, kama mtu anayetazama maji yakijaza ndoo kwenye bomba linalotaka kukauka. Ilikuwa imefika zaidi ya nusu mlango ulipofunguliwa kwa teke.

Aliingia ofisa mmoja wa jeshi na askari wawili. Alikuwa na vumbi hadi kwenye nyusi. Alianza kwa Kirundi, kisha aliponiona nimeduwaa akageukia Kiswahili cha kambini.

"Ile antena ndogo ya juu iko ya nani?"

"Ya kampuni, afande. Tuna barua yenye muhuri."

"Inazungumuza na nani?"

"Na jengo la mbele."

"Mabomu yanaanguka hapa sawasawa," alisema polepole. "Kuna mutu anawaonyesha njia. Mi natafuta huyo mutu. Zima."

"Afande, kuna barua ya wagonjwa inapita. Ikikatika..."

"Kule ngambo kuna nani?"

Kama ningesema jina lake, angesikia katika jina hilo kila alichotaka kusikia. Kama ningesema mtaa wake, walikotafutwa waasi, ingekuwa mbaya zaidi. Sikufikiri. Nilisema, "Ni kaka yangu."

Ofisa alinitazama. "Kaka yako. Mama moja?"

"Ndiyo, afande."

"Bon. Twende tumusalimie."

Alimwacha askari mmoja kando ya mashine na amri ya kutogusa kitu, na mimi akanitanguliza ngazini. Tulivuka barabara. Ilikuwa tupu kabisa, imejaa vipande vya vioo vilivyolia chini ya viatu. Katikati ya barabara kishindo kingine kilisikika upande wa soko, na ofisa akanisukuma kwenye ukuta kwa mkono wake, akaushikilia mkono huo mgongoni mwangu mpaka kimya kiliporudi. Nilifikiria jambo moja tu: yule mtu hajui nilichosema.

Tulimkuta mbele ya mashine yake, na koti lake, vumbi la dari kwenye nywele. Aliinuka.

"Huyu dada," ofisa alimuuliza, "iko nani kwako?"

Alinitazama kwa muda ambao sitausahau. Nilijaribu kumwambia kwa macho, lakini macho hayasemi kitu kama hicho.

"Ni fundi wa kampuni ya mbele," alisema. "Tunafanya kazi pamoja."

Ofisa alitabasamu bila furaha. "Yeye amesema we uko kaka yake. Mama moja."

Fundi hakugeuka kunitazama tena. Aliweka mikono yake juu ya meza, mahali inapoonekana.

"Kama amesema hivyo mbele yako, afande, siku ya leo," alisema, "mi siwezi kumukatalia."

Niliona ofisa ameelewa: kwamba nilidanganya, na kwa nini. Alikuwa kijana kuliko nilivyodhani mwanzo. Alivuta kiti, akakaa mbele ya skrini. "Nionyeshe hiyo barua."

Alisoma barua yote ya daktari, polepole, mdomo ukitembea. Aliangalia eksirei. Aliuliza mshale ule mweupe ni nini, na fundi akamwambia ni kipande cha chuma kwenye uti wa mgongo. Kisha tukasubiri, sisi watatu na askari mlangoni. Sikujua kama askari aliyebaki kwangu ameizima mashine. Fundi aliuliza mtambo wangu kama upo, na ukajibu. Aliuliza tena, ukajibu. Kila ulipojibu nilipata pumzi moja.

Majibu ya Nairobi yalifika karibu saa sita. Fundi aliyasoma kwa sauti: wamepokea, wamekubali wote wawili, lakini ndege haitaondoka mpaka uwanja wetu ufunguliwe, na siku hiyo uwanja umefungwa. Walitaja dawa za kuwapa wakati wanangoja. Fundi aliyapeleka zahanati papo hapo.

Ofisa aliinuka. "Karata zenu," alisema. Tulimpa vitambulisho vyetu. Alivisoma, akavitazama kimoja baada ya kingine, akaviweka pamoja kwenye mfuko wa kifuani. "Sasa hizo antena zishuke. Zote mbili. Mi nitasimama hapa chini nione."

Tukapanda, kila mmoja paa lake. Hatukupeana ishara. Nilifungua boliti nne, nikaibeba antena ngazini kifuani, kama mtu anavyobeba mtoto aliyelala, na mashine ilipouliza ng'ambo kama ipo, hapakuwa na jibu.

Ndege ilikuja siku ya tatu. Mmoja wa majeruhi wale alipandishwa na baadaye alirudi anatembea kwa gongo. Mwingine hakuifikia siku ya tatu. Daktari aliniambia hayo kwa simu kwa sauti ileile ya kuamrisha, kisha nikasikia akipenga kamasi.

Patroni aliiona ile barua kwenye taarifa za mtambo. Nilikuwa nimejitayarisha kumweleza, kama alivyosema. Alinisikiliza hadi mwisho akiwa amesimama kwenye dirisha lisilo na kioo. "Ungeniuliza ningekataa," alisema. Kisha akaniambia nisiifungue tena njia ile, na nisiseme na watu wa ng'ambo, na mwezi ule na uliofuata alinisalimu kwa kichwa tu. Kwa hiyo dishi la ng'ambo lilipotengenezwa, orodha za damu zilirudi kupitia Ulaya. Daktari akaanza kutuma mtu kwa miguu.

Vitambulisho vyetu vilirudishwa baada ya wiki mbili, vyote ndani ya bahasha moja, mezani kwa mama wa mapokezi. Kuishi wiki mbili bila kitambulisho wakati ule, na vizuizi kila kona, kulitosha kumfundisha mtu kutembea karibu na kuta. Nilivuka barabara kumpelekea chake. Ilikuwa mara ya kwanza kukaa naye tukiwa hatuna kazi ya kufanya. Alinipa chai.

"Siku ile," nilisema, "ungesema tu ni dada yako."

"Mi sikujua umesema nini, dada. Nilifikiri: nikisema kitu kingine na we umesema kweli, nitakuua." Alikoroga chai yake. "We ulikuwa na kaka?"

"Nilikuwa naye."

Hakuuliza alikufa wapi. Aliniambia yeye alikuwa na dada wawili, na mmoja yuko kambi ya wakimbizi Tanzania, na wa pili hajui aliko. Tulimaliza chai. Nje, mafundi wa ujenzi walikuwa wakigonga mbao kwenye madirisha ya jengo letu.

Mwaka mmoja na zaidi ulipita kabla ya antena kurudi juu. Safari hii mapatroni wenyewe waliomba, kwa sababu bei ya setilaiti iliwabana kuliko kiburi, na kampuni ya tatu ikajiunga. Kazi ya kuzilenga alifanya kijana waliyemwajiri baada yangu, kwani mimi nilikuwa nimekwenda kufundisha. Fundi wa ng'ambo alibaki kazini kwake. Aliniandikia siku hiyo kwamba barua kutoka kwake hadi kwetu zinafika upesi kuliko mwanzo, na kwamba askari aliyekuwa barabarani alitazama juu, akapiga miayo, akaendelea kula karanga.